Vidonge vya Soksi

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Msasa alipitia karakana ya baba yake kufagia maranda. Msasa si jina ambalo msichana huyu alipewa na wazazi alipozaliwa. Msasa ni ile karatasi yenye chenga ambayo seremala hulainishia mbao, na baba yake alimbandika jina hilo kwa sababu ya ulimi wake. Ukimgusa kwa neno moja, yeye anakukwaruza kwa kumi.

Karakana ilikuwa sehemu ya mbele ya nyumba yao. Upande mmoja mbao ziliegemezwa ukutani zikauke. Upande wa pili lilikuwapo benchi la kazi lenye jiliwa ya kubania mbao, na katikati palijaa vitanda visivyo na miguu na makabati yasiyo na milango, maana seremala hajawahi kumaliza kitu kimoja kabla ya kuanza kingine. Chini ya benchi, pale maranda yanaporundikana, ndipo alipolala Soksi.

Soksi alikuwa mbwa mweusi tii, isipokuwa mguu mmoja wa mbele, uliokuwa mweupe mpaka kwenye goti. Kazi aliyopewa ni kulinda mbao usiku. Mchana alijipa kazi nyingine mwenyewe, nayo ni kumngoja Msasa. Akisikia hatua zake tu, mkia unaanza kupiga mguu wa benchi, na Futi anasema, "Haya, bosi wako huyo kafika." Futi alikuwa seremala mwenzake baba. Aliitwa hivyo kwa urefu wake, na mdomo wake haukupumzika hata ukiwa umejaa misumari.

Siku moja Msasa aliingia na mkia haukusikika. Soksi alikuwa amesimama katikati ya karakana, anamtazama kama hamjui. Msasa akamwita. Ghafla miguu ya mbwa ikakakamaa, akaanguka ubavu kwa kishindo, taya zikaanza kugongana, mapovu yakamtoka mdomoni na miguu yote minne ikawa inapiga hewa kama anakimbia. Mkojo ukamtoka hapo hapo.

"Kichaa!" Futi akapiga kelele, misumari ikamwagika chini. "Mbwa kashikwa na kichaa! Rudi nyuma, mtoto!" Na yeye huyo, akaunyakua ubao.

"Kala sumu huyu," akasema baba. "Leteni maziwa."

Mama akatoka jikoni mbio na kijiko mkononi. "Mtieni kijiko mdomoni, ataumeza ulimi wake!"

Kila mtu akawa daktari, wala hapakuwa na daktari hata mmoja. Msasa alijitupa mbele ya ule ubao. "Mjomba Futi, ukimpiga yeye, na mimi nipige!" Futi akabaki kauinua juu, hajui aushushe wapi. Wakati wanabishana hivyo, Soksi akatulia. Akalala akihema, macho wazi, kisha akajiinua akiyumba na kugonga kichwa kwenye kabati kama haoni. Baadaye kidogo akamsogelea Msasa, akamnusa mkono, akamtambua.

Daktari wa mifugo alikuwa mtaa wa pili. Mama na Msasa ndio waliompeleka, maana baba alikuwa na kitanda cha watu wanaooana na muda haukumtosha. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na mikono ya haraka. Alimpima Soksi, akampima damu, akauliza alianguka vipi, alichukua muda gani, alipoamka alifanya nini.

"Hiki ni kifafa," akasema. "Mbwa naye hupata kifafa kama mtu."

"Si kichaa?" akauliza Msasa.

"Si kichaa. Huyu chanjo yake nilimpa mwenyewe, na umeniambia aliamka akakutambua. Lakini ukiona mbwa usiyemjua, au asiye na chanjo, anatokwa na mapovu, usimguse. Kaa mbali, niite. Na nani alitaka kumtia kitu mdomoni?"

Mama akatazama dari.

"Msimtie mkono wala kijiko. Mbwa hamezi ulimi wake, ila vidole vyako ataving'ata bila kukusudia, maana wakati huo hajijui. Msimpe maziwa, yatampalia. Ondoeni vitu vya kumwumiza, zimeni mashine na kelele, mwacheni alale chini, kisha tazameni saa. Zikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla hajaamka vizuri, hapo hakuna kusubiri. Mnamleta mbio, mkimpoza kwa kitambaa cha maji, maana mwili wake huwaka moto."

Akatoa kopo la vidonge, akamwekea Msasa kiganjani, si mama. Labda aliona nani mwenye mbwa.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mwanzoni atasinzia sana, atatembea kama mlevi. Msishtuke, mwili unajizoesha, baadaye utachangamka. Usingizi ukizidi, njooni nipunguze kipimo. Lakini msiikate dawa wenyewe hata siku moja. Mwili ukishaizoea dawa hii, ukiikata ghafla kifafa hurudi na nguvu kuliko mwanzo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema Msasa. Alisikia kila neno. Hapa asije mtu akasema mtoto hakuambiwa.

Basi kila asubuhi na kila jioni alikificha kidonge ndani ya kipande cha mkate, Soksi akakimeza bila kutafuna. Hakuanguka tena. Ila usingizi, jamani! Soksi alilala akakoroma. Alilala kichwa ndani ya ndoo. Futi aliruka juu yake mara ngapi sijui, na kila mara alisema, "Samahani mzee, endelea kupumzika, kazi tutafanya sisi." Hata baba alicheka, siku za mwanzo.

Kisha asubuhi moja waliamka wakakuta mlango wa karakana umevunjwa na mbao za kabati la mteja hazipo. Zilikuwa mbao nzuri, zilizokauka sawasawa, baba alizitafuta kwa muda mrefu. Soksi alikuwa chini ya benchi, kajikunja, anakoroma. Wezi walimpita pale pale.

Baba alisimama mlangoni, randa mkononi, uso umemkunjamana. "Mlinzi gani huyu?" akasema. "Mbwa wa kulala sina haja naye. Yule mwenye kuku wa nje ya mji aliniomba mbwa. Namtoa huyu, nitafute mwingine."

"Baba, ni dawa!" Msasa akasema. "Si kosa lake!"

"Dawa, dawa! Mbao zangu zitarudi kwa dawa?" Akatupa randa juu ya benchi. "Nenda shule."

Msasa akaenda shule, lakini ni miguu tu iliyokwenda. Darasani hakusikia kitu. Akilini alimwona Soksi kafungwa kamba kati ya mabanda ya kuku, kwa mtu asiyemjua, ambaye hatahangaika na kidonge wala mkate. Ataanguka huko na watasema ni kichaa, na huko hakuna wa kusimama mbele ya ubao. Alitamani kwenda kwa daktari kuomba kipimo kipunguzwe. Lakini kwenda kwa daktari ni kupitia kwa mama, na mama angemwambia baba, na baba akisikia mbwa ana shida nyingine tena angesema, "Si nilisema?" Mwisho wake Msasa aliamua peke yake. Nitamwamsha kidogo tu, akawaza. Baba akishaona Soksi bado ni mlinzi, akishabadili nia, nitamrudishia dawa.

Jioni ile alimpa Soksi mkate mtupu. Kidonge alikitumbukiza kwenye kopo la skurubu za zamani, zile zilizoshika kutu ambazo baba hazitupi wala hazitumii.

Haikupita muda Soksi akaamka kama mbwa mpya. Aliruka, akamvuta Futi suruali, akafukuza paka mpaka juu ya ukuta. Usiku akabweka kila kivuli kilichopita. Asubuhi moja baba alikuta alama za viatu nje ya dirisha na kipande cha kitambaa kilichochanika chini. Akainama, akamkamata Soksi masikio yote mawili.

"Sasa huyu ndiye Soksi wangu!" akasema. "Mama yake, mtafutie mfupa huyu. Mkubwa!"

Msasa alicheka mpaka akasikia aibu. Alimtazama baba akimkuna mbwa tumbo, akasema moyoni, kesho narudisha dawa. Kesho yake baba alimsifu Soksi mbele ya mteja, na Msasa akaona, aa, ngoja kidogo, isije ikamlaza tena mapema hivi. Kesho hiyo ikawa na kesho yake. Na neno la daktari alilikumbuka kila siku, lakini akawa analikwepa, kama mtu anayekwepa mlango wa anayemdai. Akajiambia, mbona yuko mzima? Tazama anavyokimbia!

Jumamosi mchana baba na Futi walikwenda kupeleka kabati kwa mteja. Msasa alibaki anapiga msasa mlango mmoja wa kabati jingine, Soksi kalala kwenye maranda karibu na miguu yake. Akasikia kishindo. Alipogeuka, taya zilikuwa zimeanza kugongana.

Msasa hakupiga kelele. Aliondoa msumeno na patasi zilizokuwa karibu, akasukuma benchi dogo pembeni, akafunga dirisha jua lisimpige mbwa machoni. Hakumshika mdomo. Aliinua macho kwenye saa ya ukutani. "Tulia, Soksi," akawa anasema kwa sauti ndogo. "Tulia, baba. Inapita."

Ikapita. Soksi akahema. Msasa naye akashusha pumzi. Lakini mbwa hakuamka, hakuinua hata kichwa, na mara miguu ikakakamaa tena. Ilipoachia, haikuchukua muda ikarudi mara ya tatu, na hiyo haikutaka kuisha. Msasa alimgusa ubavuni, akakuta anawaka moto.

"Mama!" Hapo sasa alipiga kelele, sauti ikasikika nyumba ya tatu. "Mama, njoo! Soksi anakufa!"

Walimlaza juu ya ule mlango wa kabati, mama akashika mbele, Msasa nyuma, shuka lililoloweshwa maji likamfunika mbwa. Wakatoka hivyo hivyo barabarani, mama kanga moja na bila viatu. Watu walisimama kuwatazama. Mtu mmoja akacheka akasema, "Leo mbwa kabebwa kama bwana harusi," na mama akamwambia neno ambalo Msasa hakuwahi kumsikia mama akilisema.

Daktari alifungua mlango, akamwona mbwa, akawahi sindano. "Tangu saa ngapi? Mara ngapi?" Msasa akajibu yote. "Na dawa? Anapewa?"

"Kila siku, daktari," mama akadakia akihema. "Asubuhi na jioni, huyu mtoto hakosi. Kwa huyu mbwa, mwanangu hata chakula chake anasahau."

Mama alisema kwa kujivuna, na mkono wake ulikuwa begani kwa Msasa. Msasa alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Soksi alikuwa mezani, miguu yake bado inapiga hewa.

"Hapana," akasema. "Sijampa. Siku nyingi. Nilimkatia mimi."

Mkono wa mama ukatoka begani. Daktari hakumkaripia. Aligeuka kabatini akatoa chupa nyingine. "Umefanya vizuri kusema," akasema huku anavuta dawa kwenye sindano. "Ningedhani dawa yake imeshindwa kumsaidia, ningehangaika na kitu kingine. Sasa najua naanzia wapi. Shika kichwa chake."

Mitikisiko ilikoma. Walimmwagia maji, daktari akampima joto mara kwa mara, likashuka. Msasa akaanza kutabasamu, akaanza hata kumwambia Soksi habari za mfupa uliobaki nyumbani. Lakini daktari alikuwa anamulika macho ya mbwa kwa kitochi, jicho hili, jicho lile, na kila akimulika midomo yake inabana. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaweka kifaa chake cha kusikiliza moyo kifuani mwa Soksi, akasikiliza, akakitoa.

"Amekwenda," akasema. "Ubongo wake uliungua kwa joto lile. Pole, mwanangu. Poleni sana."

Msasa hakulia pale. Aliushika ule mguu mweupe, ukiwa bado na joto, akaukunja na kuukunjua kama anayetaka kuujaribu. Mama ndiye aliyelia, akakaa chini kwenye sakafu kabisa.

Baba alifika mbio baada ya kupewa habari mtaani, vumbi la mbao nyweleni, Futi nyuma yake. Msasa hakungoja aulizwe.

"Baba, nimemuua mimi. Nilimnyima dawa."

"Ulifanya nini?" Sauti ya baba ilipanda. "Uliambiwa na daktari! Mama yako kanieleza kila kitu alichosema daktari! Kwa nini, mtoto wewe?"

"Dawa zilimlaza, na wewe ulisema mbwa wa kulala huna haja naye. Ulisema utamtoa kwa mwenye kuku. Nilitaka awe macho, umpende tena." Hapo ndipo kilio kilipomtoka, kilio cha kwikwi, cha mtoto mdogo. "Kila nilipotaka kumrudishia, niliogopa."

Baba akauweka mkono wake juu ya kichwa cha Soksi. Futi, mtu wa maneno yote yale, alivua kofia akatazama ukuta.

Daktari alinawa mikono, akaja akachuchumaa mbele ya Msasa. "Sikiliza," akasema. "Dawa ikisumbua, si mbwa tu, hata mtu, unakuja unasema. Kuuliza si ujinga. Ungenijia siku ile ya kwanza ningempunguzia kipimo, na angechangamka akiwa na dawa yake. Nakwambia hivi si kwa kukuumiza. Nakwambia kwa sababu utaishi na watu wenye kumeza vidonge, na siku moja wewe mwenyewe utavimeza. Usiikate dawa kimya kimya."

"Ndiyo, daktari."

"Na leo ulifanya kila kitu sawasawa alipoanguka. Hilo nalo ulijue."

Msasa aliitikia, lakini ni maneno ambayo siku hiyo hayakumfaa kitu.

Walimzika nyuma ya karakana kabla jua halijazama. Futi alichimba, hakutaka kusaidiwa, na kwa mara ya kwanza tangu Msasa amjue alifanya kazi kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Udongo uliporudishwa, mama akaingia ndani, Futi akaaga. Baba na Msasa wakabaki wamekaa juu ya rundo la mbao.

"Baba," akasema Msasa, "kweli ungemtoa?"

Baba alikuwa anakwangua gundi iliyokauka kidoleni. "Mwenye kuku alikuja," akasema. "Siku ile ile, wewe ukiwa shule. Alikuja na kamba yake. Nikamwambia simtoi, huyu mbwa ni wa binti yangu. Futi alikuwepo."

Msasa akageuka akamtazama.

"Nilimwambia mwenye kuku," baba akaendelea. "Nilimwambia Futi. Mama yako nikamwambia usiku. Wewe sikukwambia. Niliona, aa, mtoto atajua tu mbwa yupo. Hasira zangu nilikutolea asubuhi nikiwa nimesimama mlangoni, na jioni zilipoisha sikuja kukwambia kwamba zimeisha."

Msasa aliinamisha kichwa kwenye magoti. Siku zote zile, kila kidonge alichokitia kwenye kopo la skurubu, Soksi alikuwa haendi popote. Alilia mpaka mabega yakatikisika, na baba akamvuta akamweka ubavuni, shati lake likinuka vanishi.

"Kosa lako umelisema mbele ya watu, mwanangu, na wengi wenye ndevu hawawezi," akasema baba. "Langu ni hili. Nimekufanya uniogope mpaka ukaona afadhali kubeba jambo kubwa hivi peke yako. Kuanzia leo, nikisema neno la hasira, njoo uniulize kama ndilo neno langu la mwisho. Usikae nalo."

"Hata ukiwa umekunja uso?"

"Hata nikiwa nimekunja uso na msumeno nimeushika. Uliza tu."

Msasa akafuta machozi kwa kiganja. Halafu akauliza, kwa sababu alikuwa ameruhusiwa kuuliza, "Baba, unanichukia?"

"Hapana," akasema baba mara moja, akamshika mkono, na wakabaki pale mpaka mama alipowaita ndani.